FEDHA HII IMETOKA MFUKONI MWA NANI?
Somo juu ya biashara za kuingiza watu

Dini ya Islam humfuata mtu hata atokapo msikitini. Humfuata sokoni, dukani, shambani na ofisini, na humwuliza jinsi alivyoipata shilingi yake kama imwulizavyo jinsi alivyosali. Ndiyo maana katika Sura Al-Baqara, mara tu baada ya kuelezwa hukumu za saumu, inakuja aya ya 189 inayotukataza kuliana mali zetu kwa njia za batili. Mpango huo wa aya una hekima kubwa. Mwenye kufunga hujizuia tangu alfajiri hadi magharibi asile hata kilicho halali yake; basi mtu aliyezoezwa hivyo atawezaje, jua likisha kuchwa, kuunyosha mkono kwenye kilicho haki ya mwenzake?

Somo la mwezi huu limetokana na swali nililoletewa hapa Makole, mjini Dodoma. Nimeona vema nilijibu kwa urefu katika gazeti hili, kwa kuwa nina yakini kwamba aliyeniuliza hayuko peke yake.

SWALI LENYEWE

Ijumaa moja, baada ya sala, kijana mmoja wa Khuddamul Ahmadiyya alinisubiri mpaka watu wakatawanyika. Kijana huyo amehitimu chuo, na kwa miaka miwili amezunguka na bahasha ya vyeti katika ofisi za mji huu. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu, Dodoma imejaa majengo mapya na watumishi wapya, lakini yeye hakuitwa popote. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaitandaza juu ya mkeka.

Juu ya karatasi palichorwa kiduara kimoja, chini yake vitano, na chini ya kila kimoja vitano vingine, mpaka karatasi ikaisha. Alinieleza kwamba hiyo huitwa biashara ya mtandao, na mtandao unaokusudiwa ni wa watu, si wa intaneti. Kiingilio ni shilingi 300,000. Kwa fedha hizo mwanachama hupewa kasha la virutubisho vya majani na madini, pamoja na haki ya kuingiza wengine. Kila anapoingia mtu mpya, shilingi 100,000 za kiingilio chake hugawiwa waliomtangulia: 60,000 kwa yule aliyemleta, na 40,000 kwa walio juu zaidi.

"Sheikh, hii ni fursa," aliniambia. "Nikiingiza watu watano tu, fedha yangu yote imerudi. Baada ya hapo ni faida mpaka nizeeke. Je, ni halali?"

Nilimwuliza fedha za kiingilio atazitoa wapi. Akainamisha kichwa. Mama yake huuza maandazi asubuhi, na mwezi ule ilikuwa zamu yake katika upatu wa akina mama kumi wa mtaani, kila mmoja akitoa shilingi 30,000. Mama alikuwa tayari kumkabidhi mwanawe zote 300,000.

Basi hilo ndilo swali. Nyuma yake kuna unga wa ngano na mafuta ya kukaangia ya mama mmoja, na kwa hiyo halifai kujibiwa kwa pupa.

BIASHARA ALIYOIHALALISHA MUNGU

Kwanza yatupasa kuondoa dhana mbaya. Wako wasemao kwamba masheikh hawapendi kuona vijana wakitajirika. Maneno hayo si kweli. Katika Sura Al-Baqara aya ya 276 tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na kuiharimisha riba. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alichukua mali ya Bibi Khadija r.a. akaenda nayo Sham kuiuza, akarudi na faida. Kwa hiyo uwakala, yaani mtu kuuza mali ya mwingine na kupata fungu lake, ni jambo lenye asili njema. Dalali wa mnadani, wakala wa kutoa na kupokea fedha kwa simu, mchuuzi anayezungusha bidhaa za tajiri wake, wote hawa wanakula halali wakiwa wakweli.

Tena tuna mfano wa Abdurrahman bin Auf r.a. Alipohamia Madina akiwa hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii r.a., alimwambia achukue nusu ya mali yake yote. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya kwenda sokoni. Akaanza na jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Waislamu. Mlango wa undugu ulikuwa wazi kabisa mbele yake, naye aliulizia soko. Mfano huu tutaurudia.

Sasa ni nini kinachotenganisha biashara ya namna hiyo na ile ya karatasi ya kijana wetu? Nilipokuwa mwanafunzi chuoni ng'ambo, mwalimu wetu wa fiqhi alikuwa na desturi moja. Kila tulipomletea muamala mpya wenye jina la kigeni, yeye hakushughulika na jina. Alituuliza: "Fedha hii imetoka mfukoni mwa nani? Na mwenye mfuko amepata nini badala yake?" Maswali hayo mawili yamenifaa kuliko kurasa nyingi nilizozihifadhi.

HESABU YA NGAZI

Tuiweke karatasi ile mbele ya maswali hayo. Tuseme wameingia watu 100. Wametoa jumla ya shilingi 30,000,000. Kati ya hizo, zilizorudi kugawiwa wanachama ni 10,000,000 peke yake. Zilizobaki ni za kampuni na makasha yake. Sasa hakuna mchoro wala ufundi wa kuzigawa milioni 10 kwa watu 100 hata kila mmoja akarudishiwa 300,000 zake. Ili wachache warudishiwe na kuzidishiwa, ni lazima walio wengi wakose. Anayechora viduara anaweza kubadili nani apate. Hawezi kubadili kiasi kilichomo chunguni.

Watasema: "Lakini watu hawaishii 100. Wataendelea kuingia." Vema, tuendelee kuhesabu. Mwanzilishi mmoja anawaingiza watu 5. Hao wanaingiza 25, na hao 125, kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625, kisha 78,125. Ngazi ya nane inafika watu 390,625, na ngazi ya tisa 1,953,125. Katika sensa ya mwaka 2022 wakazi wote wa Jiji la Dodoma walikuwa 765,179. Maana yake, kabla ngazi ya tisa haijajaa, mji huu wote umekwisha, na bado hawatoshi.

Tukitoka Dodoma na kuichukua Tanzania nzima, ngazi ya kumi na moja inataka watu 48,828,125. Ukiwajumlisha na wote waliowatangulia, tangu mwanzilishi, unapata watu 61,035,156. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yaani kwa ngazi kumi na moja tu karibu kila Mtanzania amekwisha ingia, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia sensa. Na katika hao wote, wanne kwa kila watano wako katika ngazi ya mwisho, na hawana tena mtu wa kumwingiza.

Wala haihitajiki kufika mbali hivyo ili madhara yaonekane. Ngazi ikikatikia mtaa mmoja wa Makole, hesabu ni ile ile: kwa kila watano, wanne ni wa chini. Hasara yao haikuletwa na uvivu, wala na uchache wa dua, wala na kutokujiamini, ingawa hivyo ndivyo wanavyoambiwa. Ilikwisha wekwa ndani ya mchoro kabla wao hawajaingia.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya hatari ya kawaida na batili. Mkulima wa Kongwa hupanda uwele au alizeti asijue mvua itakuwaje. Hiyo ni hatari kweli, na miaka mingine hupata hasara. Lakini mvua ikinyesha wote huvuna pamoja, wala ghala la huyu halijazwi kwa kumwaga ghala la yule. Katika kamari mambo si hivyo. Kila kilichoingia mfukoni mwa mshindi kimetoka mfukoni mwa aliyeshindwa, nayo Sura Al-Maida aya ya 91 imeihesabu kamari pamoja na ulevi. Mtume s.a.w. pia alikataza biashara ya gharari, ambayo mtu anatoa mali yake bila kujua kwa hakika anachonunua.

JE, LILE KASHA?

Atasema mtetezi: "Sisi hatuchezi kamari. Kuna bidhaa." Ndiyo, bidhaa ni jambo la maana, na ikiwa bidhaa ni ya kweli, bei ni ya haki, na faida ya mwuzaji inatoka kwa mnunuzi aliyeitaka bidhaa hiyo, basi tumerudi kwenye uwakala wa halali. Kwa hiyo swali la kumwuliza kila mmoja ni hili: kama pasingekuwa na ahadi yo yote ya kuingiza watu, je, ungelinunua kasha hili kwa shilingi 300,000? Kama jibu ni ndiyo, umenunua bidhaa. Kama jibu ni la, basi umenunua ahadi, na kasha ni kifuniko chake.

Imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni akaingiza mkono katika chungu ya nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba adanganyaye si miongoni mwetu. Ikiwa bei isiyokubalika imefunikwa kwa ahadi tamu, hiyo nayo ni nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu.

Mahakama za dunia zimelitazama jambo hili kwa jicho hilo hilo. Mwaka 1979, huko Marekani, tume ya Serikali inayosimamia haki katika biashara ilitoa hukumu katika shauri la kampuni ya Amway. Haikuihesabu kuwa mpango wa piramidi, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na kanuni za kuwataka mawakala wawauzie wateja wa kweli kabla ya kununua shehena nyingine, na ilikubali kurudishiwa bidhaa zisizouzika. Hata hivyo iliamriwa iache kutia chumvi katika habari za mapato. Kwa hiyo mizani ni wapi fedha inatoka: kwa mteja au kwa mwanachama mpya. Mwaka 2024 watumishi wa tume hiyo hiyo walichunguza taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za mtandao wa namna hii. Walikuta kwamba walio wengi kati ya wanachama walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na taarifa nyingi hazikutoa hesabu ya gharama zao. Hizo ni kampuni zinazofanya kazi mchana peupe, katika nchi yenye wanunuzi wengi wenye fedha.

Tena kuna onyo la afya. Mara nyingi makasha haya hunadiwa kuwa yanaponya kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Mwuzaji si tabibu. Mzee aliyeandikiwa vidonge Kituo cha Afya cha Makole au hospitali yo yote, akiviacha kwa kuambiwa na jirani kwamba majani yatatosha, anaweza kupoteza zaidi ya fedha. Sura Bani Israil aya ya 37 inatukataza kufuata jambo tusilo na elimu nalo, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Asemaye dawa inaponya, na hajui, naye ataulizwa.

UPATU WA AKINA MAMA NA UPATU HARAMU

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili, na neno hilo limewapoteza wengi. Upatu wa yule mama muuza maandazi uko hivi: wanawake kumi, kila mwezi kila mmoja hutoa 30,000, mmoja hupokea 300,000. Baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa 300,000 na amepokea 300,000. Hakuna aliyezidishiwa wala aliyepunjwa. Walichopata ni msaada wa kuweka akiba na kuaminiana, na huo ni wema. Mradi waandike hesabu zao, kama Kurani inavyotufundisha kuandika madeni katika Al-Baqara aya ya 283, hapana ubaya.

Upatu haramu ni ule unaoahidi kwamba utatoa kimoja upokee viwili, pasipo kulimwa, kufumwa, kusafirishwa wala kuuzwa kitu. Watu wazima wa nchi hii wanaikumbuka DECI. Ilianza kupokea fedha za watu mwaka 2007, makao yake yakiwa Mabibo, Dar es Salaam, ikaenea hadi mikoani. Mtu aliambiwa "apande mbegu", na baada ya majuma kadhaa "akavuna" zaidi ya alichopanda. Waliotangulia walivuna kweli, na mavuno yao ndiyo yaliyokuwa tangazo. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na foleni za wapandaji zikageuka kuwa foleni za wadai. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Kati ya viongozi hao walikuwamo wachungaji wa makanisa. Sitaji hili ili kuwacheka Wakristo, kwani foleni zile zilikuwa na watu wa kila dini. Nalitaja ili tujue kwamba tamaa ikivaa vazi la dini huaminiwa upesi, na vazi letu nalo laweza kuvaliwa vivyo hivyo. Neno lenyewe "mbegu" lilichukuliwa kwa wakulima. Lakini mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma anajua ukweli wake: mche hupandwa ardhini, hutiwa maji na samadi, hungojewa, na mavuno hutoka katika udongo, jua na jasho. Mbegu ya DECI haikupandwa ardhini. Ilipandwa mfukoni mwa mtu na kuvunwa mfukoni mwa mwingine.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona hayo hayo. Mipango ya namna hiyo ilipoanguka huko miaka ya 2006 na 2007, uchunguzi wa Serikali ulikuta kwamba watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Na katika mipango ya namna hii, mara nyingi mtu hualikwa na mtu anayemfahamu.

UNDUGU USIGEUZWE MTAJI

Ndugu wapendwa, hapa ndipo penye uchungu wa somo hili. Mtu akiingia katika biashara hizi, kazi ya kwanza anayopewa ni kuandika majina ya watu wote anaowafahamu. Haambiwi aandike watu wenye haja ya bidhaa. Anaambiwa aandike mjomba, shangazi, mwalimu wake wa zamani, aliyesoma naye, na wale anaosali nao. Kwa mtu wa Jumuiya yetu orodha hiyo iko tayari: Khuddam wenzake, wazee wa Ansarullah, mama zake wa Lajna. Watu hawa watamsikiliza, kwa kuwa ni ndugu. Lakini imani hiyo ya ndugu aliyeijenga si yeye. Imejengwa na dua, michango na machozi ya wazee kwa miaka mingi, nayo ni amana. Akiitumia kujipatia 60,000 kwa kila kichwa, amekula amana.

Masharti kumi ya baiati aliyoyatangaza Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., mwaka 1889 tunayafahamu. La pili linamtaka mwenye kubai ajiepushe na uwongo, dhuluma na khiyana. La nne linamtaka asiwadhuru viumbe vya Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Je, ulimi unaomwahidi mjane faida ambayo hesabu inaikataa, haukumdhuru?

Mtu asiyekujua akikuuzia shati bovu, umepoteza shati. Lakini ndugu yako akikuingiza kwenye ngazi ukapoteza karo ya mtoto, Ijumaa ifuatayo mnasimama safu moja, mabega yakigusana, na mioyo imekwisha achana. Baada ya miezi michache mmoja wenu ataanza kusali nyumbani. Hasara hiyo haimo katika karatasi ya viduara.

Hebu sasa turudi kwa Abdurrahman bin Auf r.a. Saad alikuwa amempa undugu wote, naye aliuheshimu kwa kutoula. Riziki aliitafuta sokoni, kwa watu waliotaka samli.

HOJA NA MAJIBU

Husemwa: "Hata ofisi ni piramidi, mkurugenzi juu, makarani wengi chini." Jibu ni kwamba karani wa chini hakununua nafasi yake, tena mwisho wa mwezi hulipwa mshahara hata asipoleta karani mwingine.

Husemwa: "Kampuni imeandikishwa BRELA." Kuandikishwa jina la kampuni ni jambo moja, na ruhusa ya kukusanya fedha za watu ni jambo jingine kabisa. Mwenye cheti cha gari haruhusiwi kwa sababu hiyo kumgonga mtu. Aulizwe kama ana kibali cha Benki Kuu au cha mamlaka inayohusika na bidhaa yake.

Husemwa: "Fulani amenunua gari, nimemwona kwa macho yangu." Huenda ni kweli. Lakini anayepandishwa jukwaani ni yule aliyepata. Wale waliokosa hawaalikwi kutoa ushahidi, na aibu huwafunga midomo. Sura Al-Hujurat aya ya 7 inatuamuru tuchunguze habari tunapoletewa. Kuchunguza ni kuwatafuta pia wale wasioitwa jukwaani.

Husemwa: "Hakuna kazi, tufanyeje?" Hii ndiyo hoja nzito, na atakayeipuuza hakuwapenda vijana. Imepokewa kwamba mtu mmoja wa Ansari alimjia Mtume s.a.w. akiomba. Nyumbani mwake mlikuwa na tandiko na chombo cha kunywea tu. Mtume s.a.w. aliviuza kwa dirham mbili mbele ya masahaba, akamwagiza anunue chakula kwa moja na kichwa cha shoka kwa nyingine, akautia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni kwa siku kumi na tano. Alirudi na dirham kumi. Naye Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a., alipoanzisha Tahrik Jadid mwaka 1934, aliwataka wanajumuiya waishi maisha ya kawaida, wazoee kufanya kazi kwa mikono yao, wala mtu asikae bure kwa kuingojea kazi ya hadhi yake. Kwa hiyo jibu la ukosefu wa kazi ni shoka. Nasi wazee wa Jumuiya tuna wajibu wa kuutia mpini: kumkopesha kijana bila riba, kumwunganisha na fundi, kununua kwake kabla ya kununua kwa mwingine. Tukimwachia jukwaa yule mwenye karatasi ya viduara, tusishangae vijana wakimsikiliza.

MASWALI MANNE YA KUPIMA

Mimi si mufti, wala sina kauli ya mwisho juu ya kila kampuni. Kwa mambo yenye utata kuna wanazuoni wa Jumuiya wa kuulizwa. Lakini kila mmoja wetu anaweza kubeba maswali manne haya:

1. Je, nisipomwingiza mtu hata mmoja, naweza kupata faida kwa kuuza bidhaa hii kwa wateja wa kawaida?
2. Je, bidhaa hii nikiipeleka soko la Majengo au la Sabasaba, mtu asiyenijua ataitaka kwa bei hii?
3. Je, nikiamua kujitoa, nitarudishiwa fedha yangu nikirudisha bidhaa, na limeandikwa?
4. Je, nitaweza kumwonyesha mama yangu hesabu yote, pamoja na idadi ya waliokosa, kabla hajanipa fedha zake?

Jibu la "la" kwa mojawapo ni sababu ya kusimama. Jibu la "la" kwa yote manne ni sababu ya kukimbia.

KIJANA ALIVYOFANYA

Yule kijana niliyaandika maswali hayo nyuma ya karatasi yake, nikamwomba awaombee dua wazazi wake kisha aende akamwulize aliyemwalika. Alirudi juma la pili. Aliyemwalika ni mtumishi wa umri wa makamo, mtu mwenye adabu zake. Aliyasoma maswali, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwambia: "Mdogo wangu, mimi nina miezi minane humu. Nilikopa ili niingie, na nimepata wawili tu. Ningekupata wewe, ningelipa mkopo wa mwezi huu."

Kijana alinieleza kwamba hakuweza kumkasirikia. Nami nilimwambia amefanya sawa, kwani yule bwana alikuwa kiduara cha chini akitafuta cha kumweka chini yake, na mwenye kuzama humshika aliye karibu. Tumemwombea, na milango yetu iko wazi kwake.

Zile 300,000 zilirudi kwa mama. Sehemu ilinunua unga na mafuta, na sehemu alimkopesha mwanawe, wakaandikiana, akaanza kuchukua mafuta ya alizeti kutoka Kongwa na kuyapimia watu majumbani. Hajatajirika. Siku nyingine hurudi na ndoo haijaisha. Lakini kila shilingi anayoipokea anajua imetoka mfukoni mwa nani, na aliyeitoa anajua amepata nini: mafuta yako chunguni mwake.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali yenye baraka, awafungulie milango ya kazi, na atulinde sote tusije tukawa ngazi ya kumwangusha ndugu yetu. Amin.